Saa mbili zisizopatana: nilivyolala katika hoteli kuukuu ya Kashgar

"Saa ngapi sasa?" Swali dogo hilo, msomaji, hata mtoto wa shule analijibu. Lakini nenda kalale kwenye hoteli kuukuu pale Kashgar, mji wa Waighuri magharibi kabisa mwa China, uone swali hilo linavyoweza kukunyima kifungua kinywa na maji ya kuoga kwa pamoja.

Nilifika mwishoni mwa Oktoba 2012 kwa treni kutoka Urumqi, mgongo ukiwa umekakamaa. Hoteli yenyewe ilikuwa mtaa wa Waighuri, si mbali na msikiti mkubwa wa Id Kah. Jina lake tulitie kapuni. Dada wa mapokezi alipekua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa kama anayetafuta noti iliyofichwa humo, akanakili kila kitu. Ndiyo sheria yao, mgeni kutoka nje lazima ajulikane polisi ndani ya saa 24.

Chumba sasa. Zulia limetobolewa na sigara za watu wa miaka na miaka. Bomba linakohoa kwanza, kisha linatema maji ya kutu. Choo kinanguruma usiku kucha utadhani jenereta la baa. Lifti nayo ina hasira zake, ghorofa ya tatu inasimama, ya nne haitaki. Kitu kimoja tu kilikuwa hodari, chupa ya chai iliyojazwa maji ya moto, inayoletwa mlangoni hata kama hukuiomba.

Ukutani pamebandikwa tangazo, maji ya moto ya kuoga ni saa 2 hadi saa 4 usiku. Saa yangu ya mkononi nilikuwa nimeirekebisha kwa kumuuliza muuza mikate nje ya stesheni. Ilipogonga saa 2 kamili nikajifunga taulo, nikafungua bomba. Barafu! Asubuhi nikashuka kula, maana chai nayo iliandikwa saa 2 hadi saa 4. Nikakuta meza zinafutwa. Nikapandwa na mori kweli, nikamwonyesha yule dada saa yangu. Naye akanionyesha ya ukutani: saa 4.

Aliyeniokoa ni bawabu, mzee wa Kiighuri mwenye kofia ya pembe nne iliyotariziwa, aliyeokoteza Kiingereza kwa wafanyabiashara wa Pakistani. Kumbe mji una saa mbili! China nzima, pamoja na upana wake wote, inafuata saa ya Beijing tangu mwaka 1949. Lakini Kashgar iko mbali mno, jua la utosini linafika wakati saa ya Beijing inaelekea saa 9 alasiri. Kwa hiyo Waighuri mitaani hupunguza saa mbili, wakafuata jua lao. Benki, treni na hoteli ni Beijing. Sokoni na jikoni ni saa ya nyumbani. Mimi Mswahili, ninayehesabu saa kwa kuchomoza jua, nilimwelewa haraka kuliko Mzungu yeyote.

Nikaigeuza saa yangu iwe ya Beijing, nikajiona mjanja. Jioni mzee akanikaribisha chai kwenye kibanda cha nduguye nyuma ya hoteli. "Saet sekkiz," akasema, yaani saa 2 usiku. Nikatokea kwa dakika. Palikuwa pamefungwa! Nilisimama kwenye baridi masaa mawili, mpaka mzee alipokuja na kunikuta natetemeka. Alicheka hadi akashika ukuta.

Chai hiyo, bwana wee, ilifuta madhambi yote ya bomba. Mkate wa nan ulikuwa wa moto, umetoka kwenye tonur, ambayo ni tanuri letu hili hili. Ikaletwa samsa, binamu wa sambusa, ila hii huokwa badala ya kukaangwa, na ndani ni nyama ya kondoo na vitunguu. Tukaanza mchezo wa maneno. Duka kwao ni dukan. Kalamu ni qelem. Kitabu, dunia, wakati, vyote wanavyo. Kaka mkubwa ni aka. Dada mkubwa ni acha, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini asubuhi, bawabu alipokuwa akimwita yule dada wa mapokezi, mimi nilishtuka na kuachia begi chini.

Kashgar haikuanza jana kupokea wageni. Mwingereza George Macartney alikaa huko tangu mwaka 1890 hadi 1918 kwenye nyumba iliyoitwa Chini Bagh, Warusi nao wakiwa na ubalozi wao mdogo mji huo huo, wakichunguliana. Baadaye sehemu zote mbili zikawa hoteli, na barabara ya Karakoram ilipofunguliwa kwa wageni mwaka 1986, wasafiri na wachuuzi wa Pakistani walimiminika.

Nikamuuliza mzee kuhusu nyumba za udongo za mji mkongwe, ambazo serikali ilianza kuzibomoa na kuzijenga upya mwaka 2009, ikisema zingeanguka likija tetemeko. Akatazama mlango. Akanimiminia chai nyingine. Sikurudia swali. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini pale niliona mgeni mwenye mdomo anaweza kumponza mwenyeji.

Nilikumbuka mtazamo ule mwaka 2018. Katika kisa kimoja kilichosimuliwa na Human Rights Watch, mtu alikamatwa kwa kuweka saa yake ya mkononi kwa wakati wa Xinjiang, ule ule wa muuza mikate wangu. Wengi mno walikuwa wameshazolewa na kupelekwa kambini. China ilisema ni vyuo vya mafunzo ya kazi. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, mwezi wa Agosti 2022, ikasema huenda yaliyotendwa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kwa hiyo jina la mzee nalo liko kapuni, na hilo si la utani.

Baada ya chai ile nilikuwa nimeirudisha saa yangu iwe ya kwao, nikaivaa hivyo siku zote zilizobaki, hata kama ilinigharimu maji ya moto. Siku ya kuondoka mzee alinibebea begi mpaka kwenye teksi. Akanishika mkono, si wa kuagana, akaikagua saa, akavuta kitufe na kusogeza mishale mbele masaa mawili.

"Treni ya Beijing, aka," akasema. "Haisubiri."