Je, Wajua? Bibi wa Miaka 90 Mchezoni

Mpinzani wako anaweza kuwa amezaliwa 1930

Hamako Mori wa Japani alizaliwa Februari 1930. Mwaka 2020 Guinness World Records walimtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote duniani anayeendesha chaneli ya gemu kwenye YouTube. Miaka 90! Na usidhani bibi huyu anapanga karata tu kwenye skrini: amecheza Call of Duty, vita tupu, na Grand Theft Auto V, ile ya kuiba magari na kukimbizana na polisi. Alianza kucheza gemu mwaka 1981, akiwa na miaka 51 hivi, umri ambao kwetu mtu huanza kuulizwa shamba la kustaafia liko wapi. Sababu yake ni tamu: aliona watoto wanafurahi, akaona si haki wafurahie peke yao.

Mchezaji wa kawaida Marekani ana miaka 36

Hiyo ni hesabu ya mwaka 2024 ya chama cha watengeneza gemu wa huko, na inahusu gemu za kila aina. Kati ya kila wachezaji 10, karibu 3 wameshatimiza miaka 50. Kwa hiyo picha tuliyo nayo kichwani, ya kijana aliyejifungia chumbani na soda yake, inamwacha nje mama mwenye mkopo wa nyumba na babu mwenye miwani ya kusomea.

Robo tu ya wachezaji wa mtandaoni walikuwa vijana wa chini ya miaka 20

Hapa naomba nikae kidogo, maana utafiti huu naupenda sana. Kati ya mwaka 2000 na 2003 mtafiti Nick Yee aliwahoji wachezaji wapatao 30,000 wa gemu kubwa za mtandaoni, zile ambazo maelfu ya watu huishi pamoja katika dunia moja ya kubuni, kama EverQuest na Ultima Online. Mdogo kabisa alikuwa na miaka 11, mkubwa kabisa 68. Wastani ulikuwa miaka 26 na ushee. Nusu yao walikuwa na kazi ya kutwa, na zaidi ya theluthi moja walikuwa na ndoa.

Walicheza wastani wa saa 22 kwa wiki, yaani zaidi ya nusu ya saa za mwajiriwa wa ofisini. Na kumbe umri haukubadilisha kitu! Mwanafunzi wa sekondari na mstaafu walitumia muda uleule. Wengi walicheza na ndugu au wenzi wao, na Yee aliona jambo la ajabu: mzazi na mtoto wakiingia pamoja, mara nyingine mtoto ndiye anayekuwa kiongozi, mzazi anafuata amri.

Hata huku kwetu wapo: jirani yangu, dereva wa daladala mwenye miaka arobaini na kitu, hucheza mpira wa kwenye simu gari linaposubiri zamu kituoni. Dole gumba lake linateleza juu ya kioo chenye ufa pembeni, konda anachungulia begani. Mpinzani wake ni jina tu na bendera. Huenda ni mtoto wa darasa la sita, huenda ni mwalimu mkuu wake.

Mojawapo ya dunia za kwanza za kubuni ilijengwa na wanafunzi, tena bila picha

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika gemu iliyoitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Hakuna picha hata moja: unasoma maneno, unaandika unachotaka kufanya, na wengine wamo humohumo wakikusikia, kama hadithi ya usiku ambayo kila msikilizaji ana ruhusa ya kuibadilisha. Bartle alizaliwa 1960, kwa hiyo alikuwa na miaka 18. Kizazi hicho sasa kina wajukuu, na wapo ambao hawajaacha kucheza.

Mpaka wa miaka 13 umetoka kwenye sheria ya Marekani ya 1998

Sheria hiyo inazikataza kampuni kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi, ndiyo maana gemu nyingi zimeweka mpaka hapohapo. Mtoto wa Morogoro anayefungua akaunti leo anakutana na uamuzi uliopitishwa Washington kabla hajazaliwa.

China: saa 3 kwa wiki, basi

Tangu Septemba 2021, aliye chini ya miaka 18 huko anaruhusiwa kucheza gemu za mtandaoni Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu tu, saa 2 hadi saa 3 usiku. Jumla ya wiki ya kawaida ni dakika 180, sawasawa na mechi mbili za mpira bila nyongeza.

Miaka 16, dola milioni 3

Julai 2019, kwenye uwanja wa tenisi wa Arthur Ashe, New York, kijana Kyle Giersdorf, maarufu kama Bugha, alitwaa Kombe la Dunia la gemu ya Fortnite kwa mchezaji mmoja mmoja. Alipata karibu shilingi bilioni 7 za Tanzania kwa thamani ya wakati ule, zaidi ya alizopata Tiger Woods kwa kushinda gofu ya Masters mwaka huohuo. Waliojaribu kufuzu walizidi milioni 40. Kwa kulinganisha, sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu milioni 47 na ushee.

Vidole huanza kuchelewa ukiwa na miaka 24

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, waliwapima wachezaji 3,305 wa gemu ya StarCraft II wenye miaka 16 hadi 44, wakachapisha matokeo 2014. Kasi ya kuona na kutenda ilianza kushuka kwenye 24! Lakini wakubwa hawakukaa kulia: walitumia mbinu rahisi zaidi na njia za mkato, wakafidia.

Ushahidi upo. Lee Sang-hyeok wa Korea Kusini, anayeitwa Faker, alibeba ubingwa wa dunia wa League of Legends akiwa na miaka 17, akaubeba tena 2024 akiwa na 28. Na kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou, mwaka 2023, dhahabu ya Street Fighter ilikwenda kwa Mkorea mwenzake Kim Gwan-woo, mwenye miaka 44.

Wawindaji wa Akita

Akita ndio mkoa wenye wazee wengi zaidi Japani kwa uwiano: karibu watu 4 kati ya 10 wamevuka miaka 65. Hukohuko, mwaka 2021, ikaundwa timu ya wazee ya gemu za kulenga shabaha, Matagi Snipers. Matagi ni wawindaji wa jadi wa milima ile. Lengo lao wamelitangaza wazi: kuwa wazee ambao hata mjukuu atawavulia kofia.