Simu Imelia "Ting", Lakini Je, Umelipa?

Novemba moja nilikuwa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, nimeenda kumwona dada yangu aliyekuwa amejifungua. Unajua wahenga walivyosema kuhusu mgeni wa siku ya tatu na jembe. Jembe langu lilikuwa kutumwa supamaketi: nepi, maziwa, mkate, viazi, sabuni ya nguo za mtoto. Jumla ikawa pauni 61 na peni 40. Nikaenda kwenye zile mashine za kujihudumia, nikafungua simu kwa kidole, nikaigusisha. Simu ikatetemeka, ikalia ting, na alama ya tiki ikatokea kwenye skrini. Mimi nikaanza kupanga vitu kwenye mfuko.

Mashine ikaandika kwamba malipo yamekataliwa.

Msichana wa duka akaja, mpole kabisa, akaniita "love" kama wanavyoitana watu wa huko, akaniambia nijaribu tena. Nikajaribu. Mara hii ikakubali, risiti ikatoka, nikaenda zangu. Nilipofika kwa dada na kufungua programu ya benki ndipo moyo uliporuka: pauni 61.40 zilikuwa zimetoka mara mbili. Kadi niliyoiweka kwenye simu ilikuwa na pauni 150, ndizo nilizojiwekea za siku zilizobaki. Sasa zilibaki pauni 27 na peni 20. Keshokutwa yake nilikuwa nasafiri kwa basi hadi uwanja wa ndege wa Heathrow, na nauli peke yake ilikuwa inazidi hizo. Sasa umwombe nauli mtu aliye kwenye likizo ya uzazi, jameni, utaanzia wapi?

Wateja wetu wanaosafiri, na wale wenye watoto na ndugu huko, hutuuliza maswali yanayofanana na haya. Mbona nimelipa na mashine inakataa? Mbona pesa imetoka na duka linasema halijaipata? Wengi hudhani simu imeharibika au wameibiwa. Mara nyingi si hivyo. Shida ni kwamba tunaingia dukani kule tukiwa na mazoea ya huku.

Simu ni ile ile, kazi ni nyingine

M-PESA ilizinduliwa Kenya Machi 2007. Septemba mwaka huo huo, kadi za kugusisha zikaanza kutumika London. Ni kama watoto waliozaliwa mwaka mmoja wakalelewa nyumba mbili tofauti.

Huku kwetu simu ndiyo akaunti yenyewe, na wewe ndiwe unayeisukuma pesa. Unaingiza nambari ya till, unaandika kiasi kwa mkono wako, jina la duka linatokea, unaweka PIN, kisha ujumbe unaingia kwako na kwa mwenye duka. Hata mama mboga hakupi sukuma wiki mpaka asikie simu yake ikilia.

Kule simu ni kadi ya benki iliyovaa nguo za simu. Duka ndilo linaloandika kiasi, na duka ndilo linaloivuta pesa. Kazi yako ni kukubali tu. Apple Pay ilifika Uingereza Julai 2015, na ile ya Google, wakati huo ikiitwa Android Pay, ikafuata Mei 2016. Zote mbili hazikuleta akaunti mpya ya pesa. Zilichukua kadi uliyokuwa nayo zikaiweka ndani ya simu. Ndiyo maana huwezi kuingia duka la Manchester ukauliza nambari ya till. Utaangaliwa tu.

Ukishaielewa tofauti hiyo, kero nyingi zinaacha kuwa fumbo. Zinabaki kuwa kero, sikatai.

Ile "ting" inamaanisha nini hasa

Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Sauti ile na tiki kwenye simu vinamaanisha jambo moja tu: simu yako imemaliza kukabidhi maelezo ya kadi kwa mashine. Basi. Benki bado haijasema lolote. Baada ya hapo mashine ya duka inauliza benki yako, tena kama kadi ni ya Kenya swali linasafiri mbali, kisha jibu linarudi. Jibu hilo huonekana kwenye skrini ya mashine, si kwenye simu yako. Kwa hiyo macho yasiondoke kwenye mashine mpaka iandike kwamba imekubali.

Hata habari ya mtandao iko kinyume na tulivyozoea. Kwa kawaida simu haihitaji data wakati wa kugusisha. Mashine ya duka ndiyo inayouhitaji mtandao. Ukiona malipo yanagoma, kuzima na kuwasha data kama tunavyofanya huku hakutakusaidia sana. Na siku nyingine tatizo ni la duka zima. Machi 16, 2024, Sainsbury's, mojawapo ya supamaketi kubwa kabisa za Uingereza, ilishindwa kupokea malipo ya kugusisha baada ya hitilafu iliyoletwa na kusasisha programu usiku. Siku ya Jumamosi hiyo, watu na matoroli yao wamejaa.

Sasa, pesa yangu ilienda wapi? Malipo ya kadi huwa na hatua mbili. Kwanza benki inakubali na kuiweka pesa kando. Baadaye duka linakuja kuichukua. Kwenye pesa ya simu hatujaizoea nafasi hiyo ya katikati, kwa sababu kwetu ikitoka imetoka. Mimi, benki ilikuwa imekubali mara ya kwanza na kutenga zile 61.40, lakini jibu likapotea njiani kabla ya kufika kwenye mashine. Duka likaona imekataliwa. Benki ikaona imekubaliwa. Pesa ikakaa katikati, si yangu wala si ya duka.

Ndiyo maana kurudi dukani kugombana na meneja hakusaidii. Nilirudi, najua. Aliniangalizia kwenye kompyuta yake akaona malipo moja tu, na alikuwa anasema kweli. Duka haliwezi kukurudishia kitu ambacho halikupokea. Mwenye ufunguo ni benki iliyokupa kadi. Nilipoipigia benki yangu Nairobi, dakika zangu zikiisha kwa bei ya roaming, mhudumu aliniuliza swali moja la maana: una risiti ya ule muamala uliokataliwa?

Sikuwa nayo. Sikuwa nimeiomba.

Iombe. Mashine nyingi zinaweza kutoa karatasi ya malipo yaliyokataliwa, na keshia akiombwa vizuri huitoa. Isipotoka, piga picha ya skrini ya mashine, uandike saa, kiasi na tawi la duka. Halafu, kabla ya kugusisha tena, chungulia programu ya benki yako. Ukiona kiasi kile kimetoka au kimewekwa kando, usitumie kadi ile ile mara ya pili kama una njia nyingine. Toa noti, au tumia kadi nyingine. Foleni nyuma yako itakohoa kidogo. Iache ikohoe.

Nambari nne zisizofanana

Kuna kero nyingine ambayo dada yangu, aliyekaa huko miaka, bado inamkasirisha. Alinunua jaketi la mtoto kwa simu, likawa dogo, akalirudisha na risiti. Keshia akalinganisha nambari nne za mwisho kwenye risiti na zile za kadi yake. Hazikulingana. Akaambiwa kadi si hiyo.

Kadi ilikuwa hiyo hiyo. Ila simu haitoi nambari halisi ya kadi. Inatoa nambari ya badala, iliyotengenezwa kwa ajili ya simu ile peke yake. Hilo ni jambo zuri kwa usalama, maana duka likidukuliwa nambari yako halisi haimo. Lakini wakati wa kurudishiwa pesa linakuchanganya. Dawa yake ni fupi: ulipolipa kwa simu, rudishiwa kwa simu hiyo hiyo. Igusishe tena na pesa itarudi kwenye kadi. Kama umebadilisha simu katikati ya safari, nambari ya badala nayo imebadilika, kwa hiyo risiti iwe mkononi na uwe na subira.

Kwenye usafiri wa London kosa hili linauma zaidi, kwa sababu halikuambii. Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014, na kwenye treni za chini ya ardhi unagusisha ukiingia na ukitoka. Ukiingia kwa simu ukatoka kwa kadi, hata kama ni kadi ile ile iliyo ndani ya simu, mfumo unaona abiria wawili: mmoja aliingia hakutoka, mwingine ametoka bila kuingia. Kila mmoja anatozwa nauli ya juu. Chagua kimoja asubuhi, ukae nacho mpaka jioni. Na kama una kadi ndani ya kava ya simu, itoe, kwa sababu kisomaji kinaweza kuinyakua hiyo badala ya simu.

Vijimambo vya kaunta

Kisomaji kiko wapi? Swali la kijinga mpaka likufike. Mashine nyingine hutaka uguse juu ya skrini, nyingine kwenye skrini yenyewe, nyingine ubavuni. Mawimbi haya hufika kama sentimita 4 tu, kwa hiyo kupunga simu hewani ni kazi bure. iPhone husomeka kwa ncha ya juu. Simu nyingi za Android husomeka katikati ya mgongo. Iweke, uitulize, uhesabu moja mbili.

Kiwango nacho kina historia yake. Kugusisha kadi ya plastiki bila PIN kulianza na kikomo cha pauni 10 mwaka 2007, kikafika 30 mwaka 2015, 45 Aprili 2020, na 100 Oktoba 2021. Simu, kwa kuwa umeifungua kwa kidole au uso, kwa kanuni haifungwi na kikomo hicho. Kwa kanuni, nasema. Ziko mashine ambazo bado hazitofautishi, na ukivuka kiasi fulani zinakuambia uingize kadi. Utaiingizaje simu kwenye tundu? Ndiyo sababu kadi ya plastiki isibaki nyumbani hata kama hujawahi kuitumia, na PIN yake uijue kwa kichwa.

Maduka madogo ya mitaani hubandika karatasi kwamba kadi ni kuanzia pauni 3 au 5. Hilo linaruhusiwa kisheria. Wasichoruhusiwa, tangu Januari 13, 2018, ni kukuongezea ada kwa sababu tu umelipa kwa kadi yako binafsi au kwa simu. Ukiambiwa "peni 50 za kadi", kataa kwa adabu.

Na ukitumia kadi ya Kenya, mashine inaweza kukuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au kwa pauni. Shilingi inavutia, si ndiyo? Unaielewa. Lakini kiwango cha kubadilisha hapo kinapangwa na upande wa duka, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako. Chagua pauni.

Soma pia kiasi kabla ya kugusisha. Huku huwezi kulipa 6,000 badala ya 600 bila kidole chako mwenyewe kukosea. Kule kidole kinachoandika ni cha keshia.

Kabla hujapanda ndege

Si kila kadi ya benki za Kenya inakubali kuwekwa kwenye simu kwa kugusisha, kwa hiyo iulize benki yako mapema. Ikikubali, iweke ukiwa bado nyumbani. Wakati wa kuiweka, benki hutuma nambari ya siri kwa SMS kwenye laini yako ya Kenya, na ukiwa tayari uko Leeds na laini imezimwa, nambari hiyo hutaiona. Hakikisha roaming ya laini hiyo inafanya kazi hata kama utanunua laini ya huko. Na usimpe mtu yeyote nambari hiyo, awe anajiita wa benki au wetu.

Iambie benki unasafiri wapi na lini. Andika nambari yao ya kupigwa kutoka nje ya nchi kwenye karatasi, si kwenye simu tu. Halafu weka noti mbili tatu za pauni mahali ambapo hutazigusa.

Mimi noti hizo sikuwa nazo. Shemeji yangu ndiye aliyeniona nikihesabu hesabu ile ile mara ya tatu mezani, akatoa noti ya pauni 20 bila kuuliza kitu. Nilipotua Nairobi nikamtumia mama yake Kakamega pesa hiyo kwa simu, na kabla sijafika kwenye mizigo alikuwa amenipigia kushukuru. Zile 61.40 zilirudi kwenye kadi siku ya tisa. Niliziona kwa bahati tu, nikitafuta kitu kingine. Hakuna ujumbe wowote ulioingia.