"Nimelipa watu wa theluji": ni nini ile mashini wandugu wetu wa Kanada wanaisemea?

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi na moja, kuna ujumbe fulani unaofika kwenye simu za wakaaji wa Bukavu na kuleta ugomvi. Mtu ameomba pesa ya masomo ya mtoto, au ya kumalizia bati za nyumba, na ndugu yake aliye Kanada anamujibu: "Yaya, univumilie mwezi huu, nimelipa watu wa theluji." Hapa kwetu, iwe Kadutu ao Panzi, mtu anausoma ule ujumbe mara mbili. Theluji si inaanguka bure kutoka mbinguni? Inalipiwaje? Wengine wanasema wazi: huyo ametutupa, anatafuta tu sababu.

Basi tuliona vema tueleze jambo hili, kwa sababu malipo hayo ni ya kweli. Na nyuma yake kuna mashini moja ambayo wengi wetu hatujaiona hata siku moja: trakta yenye kifaa cha kunyonya theluji chini na kuirusha mbali. Watu wa Quebec wanaiita kwa Kifaransa souffleuse.

Kwanza theluji yenyewe. Hapa Bukavu, kwenye mita karibu 1500 juu ya bahari, tunajua mvua ya mawe: inapiga bati, inaharibu maharagwe kule Kabare, kisha baada ya nusu saa imeyeyuka. Theluji inayodumu, katika inchi yetu iko sehemu moja tu, juu ya mlima Ruwenzori, kule Kivu ya Kaskazini kwenye mpaka na Uganda, ambako kilele cha Margherita kinafika mita 5109. Na hiyo nayo inaendelea kupungua. Kule Quebec, theluji inayoanguka mwezi wa kumi na mbili inaweza kubaki chini hadi mwezi wa tatu ao wa nne. Inayofuata inaanguka juu ya ile ya zamani. Mji wa Montréal unapata karibu mita mbili kwa mwaka, na mji wa Québec unapita hapo sana.

Watu wanadhani theluji ni nyepesi kama pamba. Tupige hesabu. Chukua nyumba yenye njia ya kuingizia gari, upana mita 3, urefu mita 15. Usiku mmoja inaanguka theluji ya sentimita 30, jambo ambalo kule si la ajabu. Hiyo ni mita kyubiki 13 na nusu. Theluji mpya, ile laini, mita kyubiki moja inaweza kuwa na kilo karibu 100. Basi mbele ya mulango wako kuna kilo 1350, sawa na mifuko 27 ya simenti, na inatakiwa utoke kabla ya saa moja asubuhi ili uwahi kazini. Kama theluji imelowa maji ao imeshindiliwa, uzito unazidi mara mbili, mara tatu.

Halafu kuna uchokozi mwingine. Grederi ya mji inapita barabarani kufungua njia, na ile theluji inayosukumwa pembeni inafunga kabisa mulango wa parsele yako kwa ukuta mugumu. Ulikuwa umemaliza kusafisha, unaanza tena.

Unaweza kutumia beleshi, na wengi wanatumia. Lakini kazi hiyo inaua. Madaktari wa kule wanaonya kila mwaka: mtu asiyezoea kazi nzito, wa miaka 50 na zaidi, anatoka kitandani na kuingia moja kwa moja kwenye baridi kali, anainua beleshi nzito juu ya kifua, na moyo unasimama. Baridi inabana mishipa ya damu wakati uleule moyo unaombwa kufanya kazi zaidi. Tunalisema hili kwa sababu wazee wetu wanaofika kule kwa watoto wao hawapendi kukaa bure. Wanaona beleshi mulangoni, wanaichukua.

Ndipo mashini inaingia.

Hadisi yake inaanza na reli. Katika karne ya 19, watu wa Kanada walikwisha kutengeneza gurudumu lenye mapanga la kufungua reli zilizozibwa na theluji. Ila ile ya barabarani ilitengenezwa na Arthur Sicard, mutu wa Quebec aliyekulia kwenye shamba la maziwa. Wakati wa baridi barabara zilikuwa zinafungwa, maziwa hayafiki kwenye soko. Wazo alilipata kwa kutazama mashini ya kupura ngano: namna inavyokusanya mavuno mbele na kuyarusha nyuma. Alimaliza mashini yake mwaka wa 1925, na mwaka wa 1927 akauzia mji wa Outremont ya kwanza, karibu kabisa na Montréal. Mkulima wa Walungu anayepoteza nyanya zake kwa sababu kamyo imekwama kwenye matope atamuelewa Sicard bila kumueleza mengi.

Inafanya kazi namna gani? Trakta ina motere, na nyuma yake kuna chuma kinachotoka nje na kuzunguka. Pale ndipo wakulima wanafunga kardani ili kuzungusha kifaa chochote: mashini ya kukata majani, pompe ya maji, na hata hii ya theluji. Kwenye trakta nyingi chuma hicho kinazunguka mara 540 kwa dakika moja. Kardani inapeleka nguvu hiyo ndani ya sanduku kubwa la chuma lililo wazi upande mmoja, kama mudomo wa kiboko.

Ndani ya mudomo huo kuna vitu viwili. Cha kwanza ni chuma kirefu kilichosokotwa kama parafujo, kinalala kutoka kushoto hadi kuume. Kinavunja theluji na kuisukuma yote katikati, namna ileile parafujo ya mashini ya kusaga nyama inavyosukuma nyama mbele. Cha pili, nyuma yake, ni gurudumu lenye mapanga manne ao matano linalozunguka mbio sana. Gurudumu linapokea theluji pale katikati, linaipiga, na theluji inapanda ndani ya bomba lililopinda kama shingo ya bata na kutoka nje. Shofere, akiwa amekaa ndani ya kabini yenye joto, anageuza shingo hiyo kwa kifimbo kidogo: theluji iende kushoto, kuume, karibu ao mbali. Hapo ndipo tofauti na grederi. Grederi inasukuma tu pembeni, na kufika mwezi wa pili hakuna tena pembeni. Souffleuse inairusha mita nyingi juu ya ukuta wa theluji, hadi katikati ya bustani.

Kule Quebec wanapenda zaidi aina moja ambayo mudomo wake umegeuzwa. Imefungwa nyuma ya trakta, lakini mudomo unatazama mbele. Shofere anaingia kinyumenyume juu ya theluji, mashini ikiwa imeinuliwa, hadi karibu na mulango wa garaji. Pale anaishusha chini, kisha anatoka kwa kwenda mbele, na mashini inakula theluji nyuma yake kuanzia mulangoni kabisa. Dakika mbili tatu, njia imefunguka. Anakwenda nyumba inayofuata. Trakta moja inaweza kuhudumia nyumba nyingi sana kwa usiku mmoja, na ndiyo maana bei inawezekana.

Sasa tunafika kwenye zile pesa. Makampuni ya kazi hii, na mara nyingine wakulima ambao trakta zao hazina kazi shambani wakati wa baridi, wanafanya mkataba wa musimu mzima. Mtu analipa mamia kadhaa ya dola za Kanada, mara nyingi yote mbele, kabla ya theluji, ao kwa awamu mbili. Ndiyo maana ule ujumbe unafika mwezi wa kumi na moja. Baada ya kulipa, kampuni inapanda vijiti virefu vyenye rangi pande mbili za njia yako. Ukiona picha ya nyumba ya ndugu yako na vijiti vile mbele, si mpaka wa shamba. Vinaonyesha shofere wapi pa kupita wakati kila kitu ni cheupe, na vinamuonyesha pia nani amelipa na nani hakulipa.

Ikianguka nyingi ao kidogo, bei haibadiliki. Ni kama kucheza kamari na mawingu, ila wenye trakta wanajua mchezo kuliko sisi.

Lakini si kila mtu anayelipa. Mwenye kupanga chumba ndani ya jengo kubwa, mara nyingi kazi hiyo inashugulikiwa na mwenye nyumba. Barabara na njia za waenda kwa miguu mjini Montréal zinasafishwa na mji wenyewe, zaidi ya kilomita 10 000 kwa jumla: mashini kubwa zinarusha theluji ndani ya kamyo na kamyo zinakwenda kuimwaga mbali. Kwa hiyo ndugu anayekaa gorofa ya tano, bila gari, akikuambia amelipa theluji, huyo mumuulize vizuri.

Na kwa nini wasitupe tu theluji barabarani, kama vile sisi wengine tunavyosukuma takataka ndani ya mufereji jirani asipoona? Kwa sababu sheria ya Quebec inakataza kuweka theluji kwenye barabara ya wote. Unapigwa faini. Kwenye miji mingi ya Marekani sheria inaongeza kitu kingine: njia ya waenda kwa miguu iliyo mbele ya nyumba yako, wewe mwenyewe unaisafisha. Kwetu tungesema ni salongo, lakini ya kila asubuhi na bila kiongozi wa kuja kuita majina.

Tumetaja Marekani kwa sababu wengi wa watu wa Fizi, Uvira na milima ya juu walipita kambi za Nyarugusu, Kakuma ao Nakivale, na sasa wako Maine, New York, Michigan. Ni kwa ajili yao hasa tunaomba mtume habari hii, upande wa hatari.

Mkono. Theluji iliyolowa inanata ndani ya shingo ya mashini, motere inahema, theluji haitoki. Mtu anashuka na kuingiza mkono kuifungua. Hata motere ikiwa imezimwa, parafujo na mapanga vinaweza kuwa vimebanwa kwa nguvu, na ukitoa tu kile kipande kilichoziba, vinazunguka nusu mara. Nusu mara inatosha kukata vidole. Watu wanapoteza vidole kila mwaka hivyo, hasa kwenye zile mashini ndogo za kusukuma kwa mikono ambazo familia zinanunua. Zima, ngoja, tumia kijiti. Mkono usiingie kamwe.

Kardani. Nguo inayoning'inia, kitenge, skafu ndefu, kamba ya koti: kardani ikishika inazungusha mtu mzima kabla hajalia. Hili linawahusu pia wenye trakta za bonde la Ruzizi. Kifuniko cha plastiki juu ya kardani si pambo.

Watoto. Wanapenda kuchimba nyumba ndani ya milima ya theluji pembeni ya barabara. Shofere wa trakta, usiku, theluji ikiruka, hawezi kumuona mtoto aliye ndani. Kule mashule yanawafundisha mapema. Mtoto aliyefika mwezi uliopita kutoka Kakuma hajafundishwa bado.

Na moshi wa gari. Theluji ikiziba bomba la nyuma na wewe umewasha motere upate joto, moshi usioonekana wala kunusika unaingia ndani. Ni ndugu wa ule wa makala ndani ya chumba kilichofungwa, tunaujua. Safisha bomba kwanza, ndipo uwashe. Wakati wa tufani ya Buffalo, jimbo la New York, siku za Noeli ya 2022, watu zaidi ya 40 walikufa, wengine ndani ya magari yao, wengine kwa moyo wakiondoa theluji. Siku zile hata mashini na ambilansi zilikwama.

Kuna wanaoweza kuuliza kama trakta hiyo ingetufungulia milima ya Ngomo, kule barabara ya Uvira, udongo ukiporomoka. Hapana. Kwenye parafujo yake kuna buloni ndogo zilizotengenezwa zivunjike makusudi mashini ikipiga jiwe, ili vyuma vikubwa visiharibike. Kule Ngomo zingevunjika zote ndani ya dakika ya kwanza, na matope yetu yangenata kwenye shingo ya bata kama ugali kwenye sufuria. Pale tunahitaji grederi, mifereji na miti.

Mkataba wa theluji kwa kawaida unaisha mwezi wa nne. Vijiti vinang'olewa. Ila mjue kwamba Quebec gari lazima liwe na mipira ya baridi kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili hadi tarehe 15 mwezi wa tatu, na mipira hiyo nayo ina bei yake. Ujumbe wa "nimelipa mipira" ukifika, huo nao si uongo.