Mabasi makubwa Kampala: mkazi wa Namuwongo atalipa nauli mara ngapi?

Kila inapotangazwa kwamba Kampala inakusudia kuziondoa teksi ndogo katika barabara kuu na kuweka mabasi makubwa mahali pake, mjadala huelekea moja kwa moja kwenye foleni za Barabara ya Jinja na ya Bombo. Ni mara chache kuulizwa habari za abiria wa mitaa ambayo haikupakana na barabara hizo. Namuwongo ni mmoja wa mitaa hiyo. Umekaa bondeni katika Divisheni ya Makindye, chini ya kilima cha Muyenga, jirani na reli na Eneo la Viwanda. Miongoni mwa wakazi wake wamo wakimbizi kutoka Kongo, ambao Kiswahili ndiyo lugha yao ya nyumbani na ya sokoni.

Hivi sasa, anayetoka Namuwongo kwenda mjini hupanda teksi, yaani gari la abiria 14 ambalo Mkenya huliita matatu na Mtanzania daladala. Gari halina ratiba. Huondoka likishajaa, na nauli hutangazwa na kondakta, ambaye huipandisha mvua inaponyesha au jioni watu wanapokuwa wengi kuliko viti. Dereva naye anatakiwa kumpelekea mwenye gari fedha za kila siku kabla ya kuhesabu chake, kwa hiyo hana sababu ya kuondoka na viti vitupu. Ni utaratibu wenye usumbufu mwingi, lakini una jambo moja ambalo abiria maskini hulithamini: akishapanda, hulipa mara moja hadi mjini.

Hoja ya wapangaji wa jiji ni ya kweli, wala haifai kupuuzwa. Basi moja la watu 60 hubeba abiria wa teksi nne na kubakiza nafasi, nalo huchukua sehemu ndogo ya barabara kuliko teksi hizo nne. Ndiyo maana pendekezo la mabasi yaendayo haraka limekuwa mezani mjini Kampala kwa zaidi ya muongo mmoja. Katika mfumo wa namna hii, mabasi makubwa hupewa barabara kuu, na magari madogo husogezwa pembeni kuwaleta abiria kutoka mitaani hadi kwenye vituo vya mabasi hayo. Huko Dar es Salaam magari hayo ya pembeni huitwa mabasi mlishi.

Hapo ndipo hesabu ya mkazi wa Namuwongo inapobadilika. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba leo analipa shilingi 1,500 hadi mjini. Iwapo teksi itamfikisha kwenye makutano kwa shilingi 1,000, kisha basi likamtoza 1,000 nyingine, safari ileile itakuwa imepanda hadi 2,000, ingawa kila nauli peke yake imeshuka. Kwa anayekwenda na kurudi siku sita kwa wiki, ongezeko hilo ni shilingi 6,000. Atakayeona halimudu ataongeza idadi ya wanaotembea kwa miguu kando ya reli alfajiri.

Dar es Salaam ilikutana na swali hilohilo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, daladala ziliondolewa katika njia hiyo. Nauli ilikuwa shilingi 400 za Tanzania kwa basi mlishi na 650 kwa njia kuu, lakini aliyetumia yote mawili alilipa 800, wala si 1,050. Tiketi ya pamoja ilimpunguzia aliyelazimika kubadili gari gharama ya mpango ambao hakuuchagua. Mabasi hayo yamelalamikiwa kwa msongamano na kwa uchache wake, na malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, suala la nauli mbili lilijibiwa tangu mwanzo, na jibu la namna hiyo ndilo ambalo Kampala haina budi kulitoa kabla ya njia yoyote kubadilishwa.

Wakazi wa Kampala wana sababu ya kutokuwa wepesi wa kuamini. Machi 2012 kampuni ya Pioneer Easy Bus ilileta takriban mabasi 100, na abiria wakayapokea kwa furaha. Mwishoni mwa 2013 Mamlaka ya Mapato iliyazuia kwa sababu ya deni la kodi. Mwaka 2020, teksi ziliporejea barabarani mwezi Juni baada ya amri ya kutotoka nje, ziliruhusiwa kubeba nusu tu ya abiria wake, na kila gari likatakiwa kuwa na njia yake iliyosajiliwa. Nauli zilipanda mara moja. Mwaka huohuo kituo kikongwe cha Old Taxi Park kilifungwa ili kijengwe upya, teksi zikatawanywa katika vituo vingine, na abiria wakamalizia kwa miguu sehemu ya safari waliyokuwa wameizoea kwa gari.

Namuwongo, zaidi ya hayo, ina kumbukumbu yake. Katikati ya 2014 vibanda na nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya reli zilibomolewa. Desemba 2015 treni ya abiria ikaanza safari kati ya Kampala na Namanve. Si ajabu basi ikiwa neno "mpango wa usafiri", likitamkwa katika mtaa huu, litamfanya mtu aulize kwanza ni nani atakayehamishwa.

Lipo pia suala la mizigo, ambalo aghalabu halionekani katika michoro ya wahandisi. Mwanamke anayerudi kutoka soko la Owino na gunia la nguo za mitumba huelewana na kondakta, gunia likawekwa nyuma au chini ya viti. Kushuka nalo kwenye makutano, kusubiri gari la pili na kuelewana upya na kondakta mwingine ni kazi ya ziada, na huenda ikawa nauli ya ziada. Bodaboda watafurahi.

Upanuzi wa Barabara ya Mukwano, mojawapo ya njia za kuelekea mjini, uliwekwa ndani ya mradi wa barabara za juu ulioanza kujengwa 2019 kwa mkopo wa Japani. Lakini lami pana haisemi ni gari gani litaruhusiwa kupita juu yake. Uamuzi huo uko kwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi pamoja na Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, na mkazi anaweza kuufuatilia kupitia mwenyekiti wake wa LC1 na diwani wa Makindye. Maswali ya kuwapelekea ni machache: makutano ya kubadilishia gari yatakuwa wapi, tiketi itakuwa moja au mbili, mizigo itapokelewa kwa masharti gani, na gari la mwisho la kurudi Namuwongo litaondoka saa ngapi usiku.