Kompyuta Yakata Kamba

Mwaka 1981 ilitoka Osborne 1, kompyuta ya kubebeka yenye uzito wa karibu kilo 11. Haikuwa na betri ndani. Ukishaibeba, bado ulitafuta soketi ya umeme. Mwaka 2020 Apple ilitoa MacBook Air ya kilo 1.29, ikisema betri yake hudumu hadi saa 15 ukiwa kwenye intaneti. Siri ni betri za lithiamu-ioni, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, na chipu zinazokula umeme kidogo.

Kwangu mimi, faida kubwa si wepesi. Umeme ukikatika saa nne asubuhi, kazi haikatiki. Ila zamani giza lilitupa ruhusa ya kupumzika. Sasa ruhusa hiyo tujipe wenyewe: jioni ikifika, tuifunge.