Dawa ya mafua yashindwa na kidonge kitupu

HUENDA umewahi kununua vidonge vya mafua, ukavimeza, na baada ya siku chache pua ikazibuka. Ukaisifu dawa. Lakini mafua hupoa yenyewe, aghalabu katika muda wa siku saba hadi kumi, na mgonjwa hukimbilia dawa siku anapozidiwa, yaani pale pale maradhi yanapokaribia kupungua. Nani basi astahili sifa?

Ndiyo maana wataalamu huwagawa wagonjwa kwa njia ya kura. Baadhi hupewa dawa, wengine kidonge kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Mgonjwa hajui amepewa kipi, wala daktari anayemhoji hajui. Kisha kila mmoja hueleza jinsi pua yake ilivyoziba kwa kutoa alama, kuanzia sufuri hadi tatu.

Kipimo hicho ndicho kilichoiumbua fenilefrini, ambayo kwenye pakiti huandikwa phenylephrine. Pua ya mwenye mafua haizibwi na kamasi pekee. Mishipa ya damu iliyomo ndani hupanuka na nyama zake kuvimba. Fenilefrini hubana mishipa hiyo, na ikinyunyizwa puani hufanya kazi. Ikimezwa, vimeng'enya vya utumbo na ini huivunjavunja, na kiasi kinachofika kwenye damu kikiwa kizima hakizidi asilimia 1.

Kwa nini basi iliuzwa kwa miongo mingi? Majaribio ya kale yaliyoitetea yalikuwa madogo, mengi ya miaka ya 1960 na 1970, na yalipima kwa mashine jinsi hewa inavyopita puani badala ya kumuuliza mgonjwa anavyojisikia. Matokeo yake yaligongana. Halafu mnamo 2006 sheria ya Marekani iliiondoa sudoefedrini kwenye rafu za wazi, kwa kuwa wahalifu waliitumia kutengenezea methamfetamini. Sudoefedrini ilikuwa ikizibua pua kweli. Kampuni nyingi zilijaza nafasi yake kwa fenilefrini, na wanunuzi wengi hawakutambua badiliko hilo.

Waliotambua ni wafamasia Leslie Hendeles na Randy Hatton wa Chuo Kikuu cha Florida. Mwaka 2007 waliiomba FDA, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, ichunguze upya. Jopo la washauri likataka majaribio zaidi. Yalipofanywa, watu wazima 539 wenye mzio wa pua walipewa ama kidonge kitupu ama miligramu 10 hadi 40 za dawa, ingawa kipimo cha kawaida ni 10. Matokeo, yaliyochapishwa 2015, hayakuonyesha tofauti yoyote ya maana. Jaribio jingine la watu 575, lililochapishwa 2016, likasema vivyo hivyo.

Wafamasia hao waliandika ombi la pili mwaka 2015. Ilipofika Septemba 2023, washauri wote 16 wa FDA walipiga kura kwamba fenilefrini ya kumeza haizibui pua katika kipimo kinachopendekezwa. Novemba 2024, FDA ikapendekeza iondolewe katika orodha ya dawa zinazoruhusiwa kwa kazi hiyo. Haikusema ni sumu. Ilisema haifanyi kazi. Kwa anayehesabu shilingi, tofauti hiyo haimfariji sana.

Humu nchini, kiambato hicho hupatikana katika vidonge vingi vya mafua, kikichanganywa na parasetamoli na dawa za kuzuia mzio. Parasetamoli hutuliza homa na maumivu ya kichwa, na pengine ndiyo inayompa mgonjwa nafuu anayodhani inatoka kwingine. Lakini anayemeza vidonge hivyo kisha akaongeza parasetamoli pekee hujipa kipimo maradufu bila kujua, na ini ndilo huumia.

Dawa za kunyunyiza puani hazikuguswa na uamuzi huo. Hata hivyo, zisitumiwe zaidi ya siku tatu mfululizo, kwani pua huzizoea na kuziba upya, safari hii kwa sababu ya dawa yenyewe.