Vijana wa Visiwani na Michezo ya Theluji: Nani Achaguliwe, na kwa Kipimo Gani?

Mtu akitamka barazani, mbele ya wanywa kahawa, kwamba kijana wa Micheweni au wa Makunduchi anaweza kupelekwa ng'ambo kujifunza michezo ya theluji, jawabu la kwanza atakalolipata ni kicheko. Hatuwalaumu wanaocheka. Theluji iliyomo ndani ya mipaka ya Jamhuri yetu ipo juu ya Kibo, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, nayo ni ya kutazamwa na watalii, tena inapungua. Lakini kicheko si hoja. Nafasi za mafunzo ya michezo hiyo kwa vijana wa nchi za joto zipo, zinalipiwa, na nchi zilizo maskini kama sisi zimezitumia. Suali linalowakabili wananchi wa visiwani, na khasa wenye dhamana Serikalini, ni hili: nafasi hizo zikija, nani achaguliwe, na nani atamchagua?

Kwanza tueleze njia yenyewe. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki inayo idara iitwayo Mshikamano wa Olimpiki, ambayo huchukua sehemu ya mapato ya televisheni na kuwasaidia wanachama wake, zaidi wale wasiojiweza. Miongoni mwa misaada hiyo ni ufadhili wa wanamichezo wanaojitayarisha kwa Michezo ya Majira ya Baridi: fedha za mazoezi na nauli za kwenda kwenye mashindano ya kufuzu. Mwanamichezo hajiombei mwenyewe. Jina lake hupelekwa na kamati ya Olimpiki ya nchi yake, na kiwango chake hupimwa na shirikisho la kimataifa la mchezo wake. Kwa kuwa Zanzibar haina kiti chake katika Kamati ya Kimataifa, mlango wetu ni mmoja tu, nao ni Kamati ya Olimpiki Tanzania. Kwa hiyo jina la kijana wa Pemba lina safari ndefu: kutoka skuli kwenda wilayani, kutoka wilayani kwenda Baraza la Taifa la Michezo la Zanzibar, kisha livuke bahari. Kila kituo katika safari hiyo ni mahali ambapo jina laweza kupotea na jina jingine likaingia mahali pake. Tunasema haya bila ya kumtuhumu mtu. Ndivyo yalivyo mambo popote penye nafasi chache na waombaji wengi, na kila mzazi wa visiwani aliyewahi kufuatilia nafasi ya masomo ya mwanawe anayaelewa.

Michezo ya theluji na barafu si mchezo mmoja, na hapa ndipo wachaguzi wengi hukosea. Kuteleza kwa skii hujifunzwa utotoni. Mtoto wa Norway huvishwa skii karibu na umri ambao mtoto wetu hufundishwa kuogelea pwani. Jirani zetu wa Kenya walilipata somo hilo mwaka 1996, pale kampuni ya Nike ilipowachukua wakimbiaji wawili, Philip Boit na Henry Bitok, ikawapeleka Finland kujifunza skii. Boit, mpwa wa mwanariadha mashuhuri Mike Boit, alikuwa mkimbiaji wa mita 800 mwenye umri wa miaka 24, na hajapata kuiona theluji. Miaka miwili baadaye, katika Michezo ya Nagano ya 1998, alishindana katika mbio za kilomita 10 na kumaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie alimngojea kwenye mstari wa mwisho na kumkumbatia, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Hadithi hii husimuliwa kwa furaha, nayo inastahili. Lakini mchaguzi aitazame kwa jicho jingine: mapafu yalikuwepo, na moyo ulikuwepo, kilichokosekana ni miaka kumi na mitano ya utotoni ambayo fedha haziwezi kuinunua. Boit alirudi tena Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006, jambo linaloonyesha kwamba hakuwa mtu wa mzaha.

Bobsledi ni habari nyingine kabisa. Hiki ni kigari cha watu wawili au wanne kinachosukumwa kwa kasi mwanzoni, takriban mita 50, kisha waliokisukuma hukirukia na kuteremka nacho katika mfereji wa barafu. Dereva anahitaji miaka ya kujifunza. Msukumaji anahitaji nguvu, uzito na mbio fupi, na hayo yapatikana hata penye jua kali. Ndiyo maana Jamaica, kisiwa kama chetu kwa joto, iliweza. Wamarekani wawili, George Fitch na William Maloney, waliona huko mashindano ya mikokoteni inayoteremshwa vilimani, wakapata fikra. Walipokosa watu miongoni mwa wakimbiaji, waliwaendea wanajeshi. Dudley Stokes, aliyekuwa rubani wa helikopta jeshini, na Devon Harris, afisa wa jeshi, wakawa miongoni mwa waliokwenda Calgary mwaka 1988. Huko kigari chao kilipinduka mbele ya ulimwengu mzima. Wengi hukomea hapo wanapoisimulia. Lakini mwaka 1994, huko Lillehammer, kigari cha Jamaica cha watu wanne kilishika nafasi ya 14, mbele ya Marekani. Miaka sita ya kazi ilipita kati ya kupinduka na kushika nafasi hiyo.

Mwandishi huwatazama wachukuzi wa mikokoteni wa Darajani wakikimbiza mzigo asubuhi, na hawezi kujizuia kufikiri hivyo hivyo. Si kwamba kila mchukuzi ni mwanamichezo, lakini aghlabu wale wanaochagua hawajapata hata kumtazama.

Nigeria nayo ina fundisho. Seun Adigun, aliyeiwakilisha nchi hiyo katika mbio za kuruka viunzi za mita 100 London mwaka 2012, alijenga kigari cha mbao kwa mikono yake huko Houston, akafanya mazoezi nacho, kisha pamoja na Ngozi Onwumere na Akuoma Omeoga akaunda timu ya kwanza ya bobsledi kutoka Afrika. Walishiriki Pyeongchang mwaka 2018. Kigari cha mbao! Huku kwetu kamati ingekuwa bado inajadili posho ya kikao cha kwanza.

Sasa tuzingatie jinsi msukumaji anavyopimwa. Hukimbizwa mbio fupi, kama mita 30, na muda wake ukaandikwa. Huambiwa aruke mbele bila ya kukimbia, na umbali ukapimwa. Hunyanyua vyuma. Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kinachohitaji theluji. Vyote vyaweza kufanywa Gombani na Amaan kwa siku moja, hadharani, kwa saa na mkanda wa kupimia, na matokeo yakabandikwa ukutani kabla ya magharibi. Saa haimjui mtoto wa mkubwa. Pindi uchaguzi unapofanyika ofisini kwa faili, yule asiyekuwa na mjomba ndani ya ofisi amekwisha kushindwa kabla ya kukimbia. Nafasi ya namna hii ni amana, na wazee wetu chuoni walitufundisha kwamba amana hurejeshwa kwa mwenyewe. Mwenye nafasi hii ni yule aliyepimwa akaonekana.

Tahadhari ya pili inatoka Tonga, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Kijana aitwaye Fuahea Semi alichaguliwa huko, akapelekwa Ujerumani kufundishwa luji, mchezo wa kuteremka barafuni kwa kulala chali juu ya kisleji kidogo. Nyuma ya mpango huo palikuwa na watu wa matangazo ya biashara, na kijana akabadilishwa jina, akaitwa Bruno Banani, sawasawa na kampuni ya Kijerumani inayouza nguo za ndani. Ulimwengu ukadhani ni bahati nasibu ya majina, hadi magazeti ya Ujerumani yalipofichua ukweli mwaka 2012. Kijana mwenyewe alifanya kazi kwa juhudi, akafuzu kwa haki, akashiriki Sochi mwaka 2014 na kumaliza wa 32. Hatuna neno naye. Neno letu ni kwa wale waliomtia saini. Mwanakisiwa aliyekwenda kuiwakilisha nchi yake aliingia uwanjani akiwa amebeba jina la chupi za wenyewe. Kwa hiyo kila mkataba wa ufadhili usomwe kwa Kiswahili mbele ya kijana na mzazi wake, na mwanasheria wa Serikali awepo, tena kabla ya tiketi ya ndege kukatwa.

Wapo watakaosema kwamba vijana wetu wa kweli wa theluji wamo tayari Ulaya na Kanada, watoto wa Wazanzibari waliohamia huko. Hoja hii ina uzito. Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya katika skii mwaka 2018, alizaliwa Kilifi, pwani hii hii yetu, akachukuliwa Austria akiwa mdogo. Mialitiana Clerc wa Madagascar alilelewa Ufaransa, naye alishiriki 2018 na 2022. Shannon Abeda wa Eritrea ni mzaliwa wa Kanada. Ukitazama orodha ya Waafrika wa skii, aghlabu utamkuta mtoto aliyekulia penye mlima wa theluji. Lakini mbele yetu ipo sheria. Kanuni za Olimpiki zinamtaka mshindani awe raia wa nchi anayoiwakilisha, na sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kijana mwenye pasi ya Sweden atalazimika kuiacha ili atuwakilishe, na hatudhani kwamba wengi watafanya hivyo kwa ajili ya mbio moja. Akiwa chini ya miaka 18 mambo ni mepesi zaidi. Wanaopanga wayaangalie haya mapema, wasije wakamtangaza mtu gazetini kisha wakagundua kwamba hana pasi yetu.

Hatutaki kuwadanganya wazazi kwamba ufadhili ni tiketi ya Olimpiki. Milango imezidi kuwa myembamba. Baada ya Mwingereza Eddie Edwards kumaliza wa mwisho katika kuruka kwa skii huko Calgary mwaka 1988, kanuni za kufuzu zilikazwa. Pyeongchang mwaka 2018 zilionekana nchi nane za Afrika. Beijing mwaka 2022 zilibaki tano. Kijana anaweza kufanya mazoezi miaka mitatu asifuzu. Kwa sababu hiyo sharti la elimu lisilegezwe hata kidogo. Anayekwenda aingie skuli au chuo huko huko, ili mchezo ukimkataa arudi na cheti mkononi.

Na watoto wa kike? Tunasikia wazazi wakiogopa habari ya mavazi. Ajabu ni kwamba katika michezo yote ya ulimwengu, hii ndiyo inayomfunika mtu zaidi, kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Linalostahili kuulizwa na mzazi ni nani atakayekaa na binti yake huko, na katika nyumba gani. Hilo lijibiwe kwa maandishi.

Tena iko hoja ya fedha. Afisa mmoja atasema, na kwa haki, kwamba viwanja vyetu vya mpira havina majani, vipi tuzungumzie barafu? Sisi hatuiombi Serikali itumie hata shilingi moja kununulia theluji. Tunachotaka ni siku moja ya vipimo Unguja na siku moja Pemba, na msafara usiwe na viongozi wengi kuliko wachezaji.

Korea ya Kusini inawaalika vijana wa nchi za joto jimboni Gangwon tangu mwaka 2004. Mwaka 2024, katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana iliyofanyika jimboni humo, Jonathan Lourimi wa Tunisia na Agnese Campeol wa Thailand walipata medali za fedha katika bobsledi ya mtu mmoja. Michezo ijayo ya vijana ya majira ya baridi imepangwa kufanyika Italia, Dolomiti Valtellina, mwaka 2028, na washiriki huwa na umri wa miaka 15 hadi 18. Kijana atakayefaa kwa safari hiyo yumo skulini hivi sasa, na barua ya kuwaomba walimu wa michezo wa wilaya zote waandike majina, umri na muda wa mita 30 wa wanafunzi wao yaweza kutoka wiki hii.